Mhunzi wa Chwele na upanga usio na makali

Ni saa moja asubuhi, nje kidogo ya soko la Chwele, Bungoma. Nekoye anazungusha gurudumu la baiskeli lililofungwa kwenye kigingi, gurudumu linazungusha feni, na feni inapuliza makaa mpaka yanaiva. Mumewe, Absalom Wepukhulu, anachomoa kipande cha chuma motoni kwa koleo, anakipinda juu ya fuawe, anakizamisha majini. Kisha anakiinua karibu na sikio na kukigonga kwa msumari.

"Hii bado imelala," anasema, na kukirudisha motoni.

Anatengeneza chinyimba, njuga za chuma ambazo kijana wa Kibukusu huzigonga kwenye bangili za mikononi anapozunguka kualika jamaa zake kabla ya kutahiriwa. Tohara ni Agosti mwaka ujao, 2010, lakini maagizo yameanza kuingia, na Wepukhulu si mtu wa kungoja maji yamfike shingoni.

"Ikikosa sauti, kijana ataalika nani?" anauliza. "Mjomba wake atakaa tu kwake, akisema hakusikia."

Wepukhulu ana umri wa miaka sitini na mmoja, mabega mapana, na nyusi zilizoungua mara nyingi kiasi kwamba zimekata tamaa ya kuota. Ufundi alirithi kwa babake. Hutengeneza majembe, visu, bawaba za milango, na katika miaka ya tohara, visu vya ngariba. Mwezi mzuri humletea kama shilingi elfu sita. Miezi mibaya anasema hapendi kuihesabu, na mwandishi huyu hakumlazimisha.

Lakini watu wanaokuja kumtazama siku hizi hawaji kwa ajili ya majembe. Wanakuja kumwona mzee aliyetengeneza upanga wa kizungu wa miaka elfu moja iliyopita, na akaupeleka Kitale ukiwa umefichwa ndani ya miwa.

Yeye mwenyewe akiusimulia mkasa huo huanza na shukrani. Anamshukuru Mungu, anamshukuru mkewe, kisha anamshukuru mwanamke mmoja wa Kitale ambaye yeye alimfukuza mara ya kwanza alipomwona.

"Nilimfukuza vizuri sana," anasema. "Hata chai hatukumpa."

"Mimi nilikuwa nimeweka sufuria kwa moto," Nekoye anamkatiza. "Wewe ndiye ulimfukuza, Baba Jotham. Usiniweke hapo."

Mwanamke huyo ni Mary Ann Mwihaki, mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo mjini Kitale. Alikuja Chwele mwezi Februari mwaka huu akiwa na karatasi iliyochapishwa kwenye saiba, duka la intaneti. Juu yake palikuwa na picha ya upanga mrefu ulionyooka, wenye makali pande zote mbili na kifundo cha duara mwishoni mwa mpini. Mafundi wa kuchomelea vyuma Kitale walikuwa wamejitolea kuukata kutoka kwenye bati la geti. Mary Ann hakutaka bati la geti. Alitaka chuma kilichopigwa kwa mkono, motoni, kama walivyofanya wenyewe zamani zile.

Wepukhulu aliitazama picha, akamrudishia karatasi.

"Nilimwambia, mama, mimi sitengenezi kitu ya kukata mtu. Nilisema hiyo maneno mbele ya Mungu, na siwezi rudi nyuma."

Chanzo cha maneno hayo ni Januari mwaka jana. Siku hizo za ghasia za baada ya uchaguzi, ambazo kila mtu katika sehemu hizi anazikumbuka na wachache wanapenda kuzitaja, kikundi cha vijana kilifika kwake mchana, jua likiwaka. Walitaka mapanga na vichwa vya mishale, na walitaka upesi. Walikuwa na vyuma vyao tayari ndani ya gunia.

Wepukhulu hakubishana nao. Alichukua ndoo ya maji akaimwaga yote juu ya makaa. Mmoja wa vijana, ambaye Wepukhulu anasema alimjua tangu akinyonya, alimpiga kofi la uso. Walipoondoka, Nekoye aling'oa gurudumu la baiskeli akalipeleka kwa dada yake, ili hata wakirudi wasipate cha kupulizia moto. Kwa miezi miwili hapakuwa na moshi katika banda hilo. Walikula viazi vitamu, na watoto wao walio Nairobi wakawatumia walichoweza.

"Moto yangu ilirudi wakati wa mvua," anasema. "Jembe kwanza. Nikasema, kuanzia leo, kisu ni ya jikoni na ya ngariba, basi. Sasa huyu mama analeta upanga. Si ungemfukuza pia?"

Kulikuwa na jambo ambalo Mary Ann hakumwambia siku hiyo. Upanga ulikuwa zawadi ya kustaafu, kutoka kwake na wanafunzi wenzake wa zamani, kwa Mwalimu Kiragu, aliyefundisha historia katika shule ya sekondari upande wa Endebess kwa zaidi ya miaka thelathini. Januari hiyohiyo ambayo Wepukhulu alimwaga maji motoni, nyumba ya Mwalimu Kiragu iliteketezwa na watu waliobeba mapanga. Yeye na mkewe, Rosaline, walitoroka na nguo za mwilini. Tangu hapo wanaishi katika chumba cha kupanga Kitale, na shamba lao la ekari tatu limebaki magugu.

"Niliogopa nikimwambia atakataa kabisa," Mary Ann anakiri. "Na pia sisi wenyewe tulikuwa tumebishana. Wengine kwa kundi letu walisema, nyinyi mna wazimu? Mnampatia upanga mtu ambaye alikimbizwa na panga? Lakini hakuna kitu ingine tungempatia. Mwalimu bila upanga si Mwalimu Kiragu."

Ili kueleza maana yake, ilibidi arudi Chwele mara ya pili, ingawa habari za nyumba bado hakuzitaja. Safari hii hakuja na karatasi pekee. Aliingia shambani kwa Wepukhulu bila kuomba ruhusa, akang'oa bua la mahindi lililokauka, akalipurura majani, akasimama katikati ya ua na kuanza kufundisha.

Ndivyo Mwalimu Kiragu alivyofundisha, kila mwaka, kila Form Two. Bua la mahindi kutoka shamba la shule lilikuwa upanga. Alimwita mwanafunzi mbele, akamkabidhi, akawauliza wengine mwenzao ameshika nini. Bua, walisema. Upanga, walisema wajanja. Naye akawaambia kwamba hapana, ameshika kazi ya mtu. Akaeleza jinsi mhunzi wa Ulaya ya zamani alivyoweza kukaa na upanga mmoja majuma kadhaa, upanga ukapewa jina, ukapita kutoka kwa baba hadi mjukuu, na mfalme aliyeubeba akaandikwa vitabuni. Halafu akauliza: nani aliutengeneza?

"Na sisi sote tunajibu, hatujui, mwalimu," anasema Mary Ann. "Anatuambia, mfalme mnamjua, mhunzi hammjui. Basi nusu ya historia hamna. Kaeni chini."

Mary Ann ni mama wa watu wazima, mnene wa wastani, na siku hiyo alikuwa na viatu vya mjini. Alivyojipinda na bua lake, akikunja uso kama mwalimu, Nekoye alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Alipomaliza kucheka alijifuta macho kwa leso na kumgeukia mumewe.

"Nilimwambia, Baba Jotham, hii ni ya kushukuru mtu. Si ya kukata."

Wepukhulu aliingia bandani, akapangapanga vyuma ambavyo havikuhitaji kupangwa. Alipotoka alisema atautengeneza kwa sharti moja: hautanolewa. Makali yake yatakuwa butu kama kijiko, leo na siku zote. Mary Ann alikubali kabla hajamaliza sentensi.

Chuma kilitoka kwenye springi ya lori. Kuinyoosha springi iliyozoea kupinda ni kazi ya kumtoa mtu machozi, na bega la kulia la Wepukhulu lina ugonjwa wake wa muda mrefu. Kwa hiyo aliyeshika nyundo kubwa alikuwa Nekoye. Mzee alishika koleo, akaonyesha kwa nyundo ndogo mahali pa kupiga, na mkewe akapiga hapo.

Wakati wa babake Wepukhulu, mwanamke hakukaribia moto wa mhunzi hata kuomba kaa. Desturi hiyo ilivunjika katika boma hili wavulana walipohamia Nairobi na bega likaanza kugoma. Wazee fulani walinung'unika.

"Waninung'unikie wakija na mikono ya kunisaidia," anasema Wepukhulu. "Huyu mama ameniweka kwa kazi. Kama si yeye, hii banda ni ya kuku. Hiyo nasema wazi, na asikie."

Nekoye anasikia, anajifanya hasikii, na gurudumu linazunguka kwa kasi zaidi.

Majuma matatu baadaye Mary Ann aliitwa kuja kuuona. Ulikuwa umenyooka, umepigwa msasa, unang'aa. Aliushika mpini kwa mkono mmoja kama alivyofundishwa, akainua, na upanga ukagoma kupanda. Akajaribu kwa mikono miwili. Ulipanda kidogo, ukashuka na kumkosa kidole cha mguu.

"Ulikuwa mtaimbo," anasema Mary Ann. "Unaweza chimbia nguzo ya stima nayo."

Wakaitandaza karatasi na kuichunguza pamoja. Katikati ya upanga, kutoka kwenye mpini hadi karibu na ncha, palikuwa na mstari mweusi. Mary Ann akauliza mbona hakuuweka. Wepukhulu akamshangaa. Karatasi nzima ilikuwa na mistari, mmoja juu, miwili pembeni, mmoja ukikata mpini. Mashine ya saiba ilikuwa na wino mbovu, hilo kila mtu aliyewahi kuchapisha barua Kitale analijua.

"Nilijua ni uchafu wa mashine," anasema, na hapo anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Nikafanya kazi ya kutoa uchafu. Kumbe nimetoa upanga yenyewe."

Mstari ule mmoja, kati ya yote, ulikuwa mfereji. Wahunzi wa zamani waliuchimba katikati ya chuma kila upande ili kuupunguzia uzito bila kuuvunja nguvu. Mary Ann aliyakumbuka hayo kwa kuchelewa. Mwalimu alikuwa akipitisha kidole gumba katikati ya bua, kwenye ule mfuo wake, na akisema hapo ndipo penye siri.

Kazi ikaanza upya. Wepukhulu alikata kipande cha nondo ya duara, akakishikilia juu ya chuma chekundu, na Nekoye akakipiga kwa nyundo, inchi kwa inchi, upande huu kisha ule. Mkono wa mmoja ukiteleza kidogo, mfereji unapinda na kazi imeharibika. Wanasema hawakuzungumza siku hizo ila kwa macho. Hata majirani walidhani wamekosana.

Ulipokamilika, Nekoye aliuinua kwa mkono mmoja na kuuzungusha juu ya kichwa. Kuku walikimbia. Mumewe anasema aliona haya kidogo kwa jinsi alivyofurahi.

Sherehe ilikuwa Jumamosi moja mwezi Agosti, katika ukumbi wa kanisa Kitale. Mary Ann aliwafuata kwa pikapu yake. Kwa kuwa polisi njiani huuliza maswali mengi kuhusu chuma kirefu, upanga ulifungwa katikati ya mzigo wa miwa, na mzee akakaa mbele na mkewe, wamevaa nguo za Jumapili.

Walisimama Kiminini kunywa chai. Hapo ndipo Mary Ann, ambaye dhamiri yake ilikuwa imemsumbua tangu asubuhi, alipowaeleza habari za nyumba ya Mwalimu.

Wepukhulu aliweka kikombe chini. Alimwambia amrudishe Chwele.

"Nilimuuliza, binti yangu, unaweza pelekea mtu kitu ambayo alitoroka? Mimi nilimwaga moto yangu sababu ya hiyo kitu. Sasa nimeitengeneza na mkono yangu, nampelekea mpaka kwa mlango? Nilisikia vibaya. Nilisikia vibaya sana."

Chai ilipoa. Mary Ann analia kwa urahisi, na alilia. Aliyekata shauri alikuwa Nekoye tena. Alisema wamekwisha kutoka nyumbani, miwa inakauka, na Mwalimu mwenyewe hajaulizwa. Acha mwenye kidonda aseme kama kinauma.

Ukumbini walikuwapo wanafunzi wa zamani wapatao mia moja: wakulima, manesi, madereva, chifu mmoja, mapadri wawili. Mwalimu Kiragu, mrefu, mwembamba, koti limemzidi kidogo, alikaa mbele na Rosaline. Hakuwa na habari yoyote. Alipoona mzigo wa miwa ukiletwa mbele alishukuru kwa adabu, akidhani ndiyo zawadi.

Wepukhulu alikata kamba, akatoa upanga katikati ya miwa, akaulaza sakafuni mbele ya Mwalimu na kurudi nyuma hatua chache. Ndivyo ilivyo katika ukoo wake. Mhunzi hampi mtu chuma chenye umbo la kukata mkononi. Hukiweka chini, mwenyewe akaokota, na kuanzia hapo litakalotendwa na chuma hicho ni la aliyeokota.

Mwalimu hakuokota.

Alisimama akiutazama. Rosaline alimshika upindo wa koti. Waliokuwapo wanasema baadhi ya waliopinga wazo hilo tangu mwanzo waliinamisha vichwa. Mary Ann alitaka ardhi ipasuke.

Ndipo Wepukhulu alipofanya jambo ambalo babake hakuwahi kulifanya. Alirudi mbele, akauokota yeye mwenyewe. Akakunja mkono wa shati na kuupitisha upanga juu ya ngozi ya mkono wake, upande mmoja, kisha upande wa pili, akikandamiza. Akauonyesha mkono kwa Mwalimu, kisha kwa Rosaline. Haukuwa na mkwaruzo.

"Nilimwambia, Mwalimu, mimi ni mhunzi wa Chwele. Mwaka jana walikuja kwangu pia. Walitaka panga, nikamwaga maji. Hii haikati. Haijawahi kata, na mimi niko hai haitakata. Siiweki chini. Napea wewe kwa mkono. Ikifanya mbaya, waniulize mimi."

Mwalimu Kiragu alitoa mikono yote miwili, akaupokea. Aliupima uzito. Akapitisha kidole gumba katikati, ndani ya mfereji, polepole, mpaka mwisho. Machozi yalimtoka na hakujishughulisha kuyafuta.

"Nilifikiri nimemaliza kuogopa," aliniambia nilipomtembelea Kitale. "Kumbe nilikuwa nimezoea tu. Mzee huyo alipojikata mkono na usikatike, kuna kitu kilinitoka kifuani. Siwezi kukueleza vizuri. Nilitaka kumkumbatia, lakini nilikuwa nimeshika upanga."

Kisha akaugeukia ukumbi.

"Form Two," akasema, "simameni."

Walisimama wote, na vitambi vyao na mvi zao, chifu na mapadri.

"Nani aliutengeneza?"

Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, darasa lilikuwa na jibu. Wale waliolijua jina walilisema, waliokuwa hawalijui wakaliuliza kwa majirani na kulirudia, mpaka mzee wa Chwele akasikia Absalom Wepukhulu likisemwa na watu mia moja asiowajua. Akamvuta Nekoye kwa mkono asimame kando yake. Mwalimu akauliza jina lake pia, na darasa likalisema.

"Tangu nizaliwe sijawahi itwa hivyo," anasema Wepukhulu. Anachokora makaa ambayo hayahitaji kuchokorwa. "Nimeuzia watu jembe miaka arobaini. Wananiita fundi. Na sioni ubaya, mimi ni fundi. Lakini siku hiyo nilishukuru. Nilishukuru mpaka nikakosa njaa, na kulikuwa na pilau."

Huo ungekuwa mwisho mzuri, lakini mwezi Septemba Mwalimu Kiragu na mkewe walifika Chwele wenyewe, bila taarifa. Nekoye aliwawekea chai. Walizungumza habari za mvua na bei ya mbolea, na baada ya kuzunguka sana, Mwalimu akasema kilichomleta. Anataka kurudi Endebess. Rosaline alikuwa ameshakubali. Nyumba itakuwa ya mabati kwanza, mambo mengine baadaye. Majembe yao yaliungua mipini na vyuma vikachukuliwa, na hakutaka kununua dukani. Aliomba atengenezewe mawili.

Wepukhulu anayatoa nyuma ya banda, yamefunikwa kwa gunia. Moja ni pana, la Mwalimu. La pili ni jepesi kidogo, kwa sababu Rosaline alilalamikia kiuno. Ameyatengeneza kwa ile springi ya lori iliyobaki, na haya ameyanoa mpaka yanakata unyasi ukiyagusa.

Mwezi Machi, mvua za kupanda zikianza, anapanga kuyapeleka mwenyewe hadi shambani. Mary Ann ameahidi pikapu. Mwalimu amemwambia kwa simu kwamba bado usiku mwingine hupata mashaka, na kwamba asishangae akiahirisha.

"Nimemwambia asiahirishe," anasema Wepukhulu. "Nitasimama na yeye kwa shamba mpaka apige jembe ya kwanza. Akiogopa, napiga mimi, halafu anapiga yeye."

"Na mimi napiga ya mama," anasema Nekoye, na kulizungusha gurudumu.